Misimu Miwili ya Jim Devlin, na Michezo Aliyoiuza

Mwaka 1877 klabu ya besiboli ya Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ilicheza michezo 61 ya ligi, na katika yote hiyo mpira ulirushwa na mtu mmoja. Jim Devlin hakupumzishwa hata awamu moja. Alirusha awamu 559, tangu mpira wa kwanza wa msimu hadi wa mwisho, jambo ambalo hakuna mrushaji mwingine wa National League, ligi ambayo Louisville ilichezea, aliyewahi kulifanya kwa msimu mzima. Kabla mwezi Oktoba wa mwaka huohuo haujaisha, klabu ileile aliyoibeba ilimfukuza kwa kosa la kuuza michezo, na hakuruhusiwa tena kurusha mpira katika ligi hiyo mpaka alipofariki akiwa na umri wa miaka 34.

Kisa cha Devlin husimuliwa kwa ufupi wa namna hii: alipokea rushwa, timu yake ikakosa ubingwa, akaadhibiwa. Kila kipande cha maelezo hayo kina ukweli ndani yake, lakini vikiunganishwa hutoa picha ambayo ushahidi wenyewe hauichori. Wapo wanaoamini kwamba aliuza ubingwa, ilhali alichokiri ni kitu kingine. Wapo wanaoamini kwamba njaa ndiyo iliyomsukuma, ilhali hesabu ya fedha alizopewa inaleta maswali. Wapo pia wanaodhani kwamba Devlin na wenzake watatu waliofukuzwa pamoja naye siku ile walikutwa na kosa moja, na hilo si kweli hata kidogo. Ili kuyatenganisha mambo haya ni lazima kwanza tuitazame besiboli ya miaka ile, kwa sababu ilitofautiana mno na mchezo unaoonyeshwa leo kwenye televisheni.

Msingi wa mchezo haujabadilika sana. Timu mbili za wachezaji tisa hupokezana kupiga na kulinda uwanja. Mrushaji wa timu inayolinda humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mpigaji akifanikiwa kuupiga hukimbia kuelekea vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi. Akivizunguka vyote na kurudi alipoanzia, timu yake hupata pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana nafasi, na kila upande ukishapiga mara moja awamu moja imekamilika. Mchezo kamili una awamu tisa.

Kilichobadilika sana ni kazi ya mrushaji. Siku za Devlin alisimama umbali wa takribani mita 13.7 kutoka kwa mpigaji, wakati mrushaji wa leo husimama mita 18.4. Alitakiwa kurusha mkono ukiwa chini ya kiuno, kama mtu anayerusha jiwe lirukeruke juu ya maji. Kurusha kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega hakukuruhusiwa na National League mpaka mwaka 1884. Zaidi ya hayo, mpigaji alikuwa na haki ya kusema anataka mpira wa juu au wa chini, na mrushaji alilazimika kumpa alichoomba. Kwa masharti hayo mtu angedhani mrushaji alikuwa mtumishi tu wa mpigaji, na kwa kweli ndivyo sheria za awali zilivyomkusudia awe. Lakini tangu mwaka 1872 sheria iliruhusu kifundo cha mkono kizungushwe wakati wa kuachia mpira, na hapo ndipo warushaji hodari walipopata nafasi ya kuufanya mpira upinde au ushuke ghafla.

Silaha ya Devlin ilikuwa mpira wa kushuka. Ulifika mbele ya mpigaji ukionekana uko pale pale alipouomba, kisha ukadidimia wakati gongo tayari limeshaanza safari. Mrushaji wa aina hiyo huwafanya wapigaji waugonge mpira kwa juu, ukabiringika ardhini, na kazi iliyobaki inakuwa ya walinzi wa ndani kuuokota na kuutupa kituoni kabla mkimbiaji hajafika. Ni urushaji unaotegemea wenzako, na katika kisa hiki jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kwa kuwa urushaji wa chini ya kiuno uliuchosha mkono kwa kiasi kidogo kuliko urushaji wa leo, na kwa kuwa klabu zilikuwa na wachezaji kumi au kumi na mmoja tu kwenye orodha ya mishahara, timu nyingi zilikuwa na mrushaji mmoja mkuu aliyecheza karibu kila siku. Hata kwa kipimo hicho Devlin alizidisha. Mwaka 1876 alirusha awamu 622 na kuanza michezo 68, akamaliza mwenyewe 66 kati ya hiyo; mwaka uliofuata akaanza 61 na kumaliza yote 61. Ukijumlisha misimu hiyo miwili unapata awamu 1,181, wakati mrushaji wa siku hizi akifikisha awamu 200 kwa msimu anahesabiwa kuwa mchapakazi.

Devlin alizaliwa Philadelphia mwaka 1849. Alianza besiboli ya kulipwa mwaka 1873 katika mji wake huo, akahamia Chicago mwaka uliofuata, na kwa muda mwingi wa kipindi hicho hakuwa mrushaji bali mlinzi wa kituo cha kwanza. Ni mwaka 1875 tu, akiwa Chicago, alipoanza kurusha mara kwa mara, akashinda michezo 7 na kupoteza 16. Kwa hiyo maisha yake yote kama mrushaji wa kulipwa ni msimu huo mmoja wa majaribio na ile miwili ya Louisville. Mtu aliyekuwa akiendesha klabu ya Chicago wakati huo alikuwa William Hulbert, mfanyabiashara ambaye Februari 1876 aliwakutanisha wenye klabu katika hoteli moja jijini New York na kuianzisha National League. Hulbert na Devlin watakutana tena.

Katika msimu wa kwanza wa ligi hiyo mpya, takwimu za Devlin zinashangaza kwa namna zinavyopingana. Alishinda michezo 30 na kupoteza 35, yaani alishindwa zaidi ya alivyoshinda. Aliwatoa wapigaji 122 kwa kuwakosesha mpira, idadi kubwa kuliko ya mrushaji yeyote wa ligi mwaka huo, na pointi ambazo wapigaji walizipata kwa haki dhidi yake, bila kusaidiwa na makosa ya walinzi, ni wastani wa 1.56 tu kwa kila awamu tisa. Inakuwaje mrushaji bora kiasi hicho ashindwe mara 35? Jibu liko katika maneno hayo ya makosa ya walinzi. Wachezaji wengi wa wakati ule walidaka kwa viganja vitupu, kwenye viwanja vyenye mashimo na majani yasiyokatwa vizuri. Timu moja ingeweza kufanya makosa sita katika mchezo mmoja na hakuna mtazamaji aliyeshangaa. Sehemu kubwa ya pointi zilizowaangusha Louisville mwaka 1876 zilitokana na mipira iliyoponyoka mikononi.

Naomba msomaji akae kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye ufunguo wa namna michezo ilivyouzwa. Katika mchezo ambao mipira huponyoka kila siku, mpira mmoja ulioachwa uponyoke kwa makusudi hauna alama. Mlinzi anaweza kuchelewa hatua moja, mkimbiaji anaweza kuondoka kituoni wakati usiofaa na kutolewa kizembe, mrushaji anaweza kuuacha mpira wake usishuke mara tatu au nne kwa mchana mzima, na hakuna jicho litakaloweza kuapa kwamba ni hila. Mcheza kamari aliyetaka uhakika hakuhitaji kuinunua timu. Alihitaji mrushaji, na mlinzi mmoja au wawili wa kumsindikiza. Na pale Louisville, ambako mrushaji alikuwa yuleyule kila siku, ukishampata Devlin hukuwa na haja ya kuuliza nani anarusha kesho.

Kamari yenyewe haikufichwa. Katika miji mikubwa ya Marekani zilikuwapo nyumba ambazo watu waliingia mchana kweupe kuweka fedha juu ya matokeo ya besiboli, na wenye nyumba hizo walipokea taarifa za michezo ya miji ya mbali kwa telegramu. Tetesi za wachezaji kuuza michezo zilikuwapo tangu kabla ya ligi kuundwa, na moja ya ahadi za Hulbert kwa umma ilikuwa kuusafisha mchezo. Alikuwa ameshaonyesha kwamba hana mzaha: mwisho wa msimu wa 1876 klabu za New York na Philadelphia, miji miwili mikubwa kuliko yote nchini, zilifukuzwa kwa sababu ya kukataa kukamilisha safari zao za magharibi. Ligi ikaingia 1877 na timu sita tu.

Msimu huo Louisville walikuwa moto. Kufikia katikati ya Agosti waliongoza ligi, na ubingwa ulionekana kama jambo la kusubiri tarehe. Nahodha alikuwa Bill Craver, aliyelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Upande wa kushoto wa uwanja alilinda George Hall, mpigaji hatari ambaye mwaka 1876, akiwa Philadelphia, aliongoza ligi nzima kwa mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote mara moja. Alipata matano, idadi ambayo leo ingechekesha lakini wakati ule iliogopesha. Katikati ya msimu mlinzi wa kituo cha tatu, Bill Hague, akapata jipu lililomzuia kucheza vizuri, na Hall akapendekeza asajiliwe rafiki yake Al Nichols, mchezaji wa kawaida sana aliyewahi kuichezea klabu ya New York iliyofukuzwa. Nichols ndiye aliyekuwa na mazoea na wacheza kamari wa New York.

Kisha timu ikasafiri mashariki, kwenda kucheza Boston na Brooklyn, ambako klabu ya Hartford ilikuwa ikifanyia michezo yake ya nyumbani mwaka huo, na mambo yakaharibika. Walishindwa mchezo baada ya mchezo, na namna ya kushindwa ndiyo iliyowatia watu shaka: mipira mepesi iliyodondoshwa, wakimbiaji waliotolewa kwa uzembe, wapigaji hodari waliobadilika kuwa mbumbumbu. Nichols aliendelea kupangwa ingawa Hague alikuwa amepona. Makamu wa rais wa klabu, Charles Chase, alipokea telegramu isiyo na jina la mtumaji ikimwonya kwamba wachezaji wake wanashirikiana na wacheza kamari. Aliipuuza, kama ambavyo viongozi wengi wangefanya. Ikaja nyingine. Boston wakauchukua ubingwa.

Aliyelifuatilia jambo hilo kwa ukaidi alikuwa John Haldeman, mwandishi kijana wa gazeti la Courier-Journal la Louisville. Baba yake, Walter Haldeman, alikuwa mmiliki wa gazeti hilo na wakati huohuo rais wa klabu, kwa hiyo mwandishi huyu alikuwa akichimba shimo katika ua wa nyumba yao wenyewe. Aliwajua wachezaji kwa karibu, kwani mwaka huohuo alikuwa ameshavaa sare ya Louisville na kucheza mchezo mmoja wa ligi pale timu ilipopungukiwa watu. Aliona kwamba baadhi yao walirudi kutoka mashariki na vito vya almasi ambavyo mishahara yao haikuweza kuvieleza.

Msimu ulipokwisha, Chase aliwaita wachezaji na kuwataka waiandikie kampuni ya telegramu ya Western Union ruhusa ya kuonyesha ujumbe wao wote. Sharti hilo lingetushangaza leo, mwajiri kudai kusoma barua za siri za wafanyakazi wake, lakini liliwekwa kwa namna ambayo kukataa kungehesabiwa kuwa ni kukiri. Wote walikubali isipokuwa Craver. Telegramu za Nichols zilionyesha mawasiliano na wacheza kamari, na ndani yake lilijirudia neno lisilokuwa na maana yoyote mahali lilipokaa: “sash”. Lilikuwa neno la siri. Likionekana katika telegramu, mpokeaji alijua kwamba mchezo unaofuata umeshapangwa.

Hall na Devlin walihojiwa, na kila mmoja alipohofia kwamba mwenzake ameshasema, wote wawili wakafunguka. Devlin alieleza kwamba Hall alimkutanisha New York na mcheza kamari aitwaye James McCloud, ambaye alimwambia kwamba siku akihitaji fedha atume telegramu yenye neno lile. Akatuma. McCloud akampelekea kwa barua dola 100, na Devlin akamgawia Hall dola 25 tu. Hapa ndipo mtu anapoona kwamba hata ndani ya udanganyifu ule kulikuwa na udanganyifu mwingine.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe: waliuza michezo gani? Wengi hudhani kwamba walikiri kuuza ile ya Boston na Brooklyn iliyowanyima ubingwa. Hawakukiri hivyo. Devlin alikubali kuhusika katika mchezo dhidi ya Cincinnati na mwingine dhidi ya Indianapolis. Mingine iliyotajwa katika maungamo ya Hall ilimhusisha Nichols na ilichezwa dhidi ya klabu ambazo hazikuwamo kabisa katika National League. Klabu za wakati ule zilijaza siku zisizo na ligi kwa michezo ya kirafiki yenye kiingilio, na Indianapolis mwaka 1877 ilikuwa klabu ya aina hiyo. Kwa hiyo kati ya michezo miwili ya Devlin, mmoja ni wa kirafiki. Huo mwingine, wa Cincinnati, una utata unaostahili kuelezwa polepole.

Cincinnati ilikuwa klabu ya ligi, na ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo. Mwezi Juni ilivunjika kwa kukosa fedha, kisha ikafufuliwa na wenye mali wapya, lakini hadhi yake ndani ya ligi ikabaki mashakani kwa sababu ada ya uanachama haikuwa imelipwa. Ilimalizia ratiba yake, na katika mkutano wa Desemba 1877 ligi iliamua kwamba michezo yote ya Cincinnati isihesabiwe. Maana yake ni kwamba mchezo aliouuza Devlin mwezi Septemba ulifutwa kwenye msimamo rasmi miezi mitatu baadaye, kwa sababu isiyohusiana naye hata chembe. Kwa msimamo huo rasmi, Boston walishinda michezo 31 na kupoteza 17, na Louisville walishinda 28 na kupoteza 20. Ukiirudisha michezo ya Cincinnati, kama wanavyofanya watunza takwimu wa siku hizi, Boston wana 42 kwa 18 na Louisville 35 kwa 25.

Tofauti kati ya mahesabu hayo mawili inafichua kitu. Dhidi ya Cincinnati, timu dhaifu kuliko zote, Boston walishinda mara 11 na kupoteza mara moja tu. Louisville, dhidi ya timu hiyohiyo, walishinda mara 7 na kupoteza mara 5. Hatuwezi kusema kwamba michezo yote mitano iliuzwa, na kufanya hivyo kungekuwa kumwongezea marehemu dhambi ambazo hakuna aliyemthibitishia. Lakini takwimu hiyo inaonyesha kwa nini watu wa Louisville hawakutaka kuamini kwamba uuzaji uliishia kwenye mchezo mmoja wa Cincinnati na mingine michache ya kirafiki. Binafsi naona ni vigumu kuamini kwamba watu waliokuwa tayari kuuza mwezi Septemba walicheza kwa moyo safi mwezi Agosti, wakati zile telegramu za onyo zilipoanza kufika. Hata hivyo huo ni uzito wa dhana, na maungamo yao hayaufikii. Ubingwa wa 1877 huenda uliuzwa, na huenda ulipotea kwa njia ya kawaida, kisha wauzaji wakaanza kuuza kilichobaki baada ya kuona kwamba hauwezekani tena.

Klabu iliwafukuza wote wanne tarehe 30 Oktoba, na siku chache baadaye Courier-Journal likachapisha habari yote. Ligi iliithibitisha adhabu hiyo mwezi Desemba na kuifanya ya maisha. Wanne waliadhibiwa kwa pamoja, lakini mashtaka yao hayakufanana. Devlin, Hall na Nichols walifukuzwa kwa kuuza michezo. Craver hakukutwa na telegramu yoyote, hakutajwa kupokea fedha, na hakukiri kitu. Kosa lake lilikuwa kukataa kusomwa kwa telegramu zake, pamoja na utovu wa nidhamu na uchezaji uliotiliwa shaka. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa ataruhusu zisomwe klabu ikishamlipa mshahara wake uliocheleweshwa. Ni kweli kwamba jina lake lilikuwa limechafuka tangu klabu za nyuma alizopitia, na mtu anaweza kuhisi kwamba alikuwa na cha kuficha. Lakini kwa ushahidi uliowekwa mezani, Craver alifungiwa maisha kwa ubishi. Baadaye alikuwa polisi katika mji wa Troy, jimbo la New York.

Jibu la Craver linatufikisha kwenye mishahara. Klabu ya Louisville ilikuwa na madeni, na wachezaji walikuwa wakiidai. Devlin alishikilia utetezi huo mpaka mwisho: kwamba klabu ilimtendea isivyo haki na kumfanya ombaomba. Utetezi huo si wa kupuuzwa. Mtu aliyerusha kila mpira wa msimu mzima, aliyekuwa na mke na mtoto, alikuwa na haki ya kulipwa kwa wakati, na klabu iliyoshindwa kumlipa ilikuwa na ujasiri wa kumhukumu. Lakini utetezi wa njaa haumfafanui Hall, wala haufafanui almasi, na dola 100 alizopewa Devlin si fedha za kumkomboa mtu aliyezama kwenye madeni. Kwa maoni yangu deni la mshahara lilimpa Devlin sababu ya kujihesabia haki, na marafiki zake wakampa njia. Bila Nichols na McCloud angebaki mchezaji mwenye malalamiko, kama walivyokuwa mamia ya wenzake.

Adhabu ya maisha ilikuwa nzito kuliko jina lake linavyosikika, kwa sababu National League ilizikataza klabu zake kucheza na timu yoyote iliyomwajiri mchezaji aliyefukuzwa. Klabu ndogo za nje ya ligi zilitegemea sana mapato ya michezo ya kirafiki dhidi ya timu kubwa, kwa hiyo kumwajiri Devlin kulimaanisha kuyapoteza mapato hayo. Hakuna mahakama iliyomhukumu wala sheria ya jimbo iliyotajwa. Ulikuwa mkataba kati ya wenye klabu, nao ulitosha kumfungia mlango karibu kila mahali palipochezwa besiboli ya kulipwa.

Februari 1878 Devlin aliandika barua kutoka Philadelphia kwenda kwa Harry Wright, meneja wa Boston, mtu aliyeheshimiwa kwa uadilifu kuliko karibu wote katika mchezo ule. Barua imehifadhiwa, na tahajia yake ni ya mtu ambaye hakukaa sana darasani. Anasema kwamba majira yote ya baridi ameishi kwa kubangaiza, kwamba yeye, mkewe na mtoto hawana nguo, kwamba ni mtu mwaminifu na Wright asimwogope. Haombi kurusha mpira. Anaomba kazi yoyote, hata ya kuutunza uwanja. Mwaka uliotangulia, huyo alikuwa mrushaji ambaye Boston wenyewe walikuwa wakimkimbiza kwenye msimamo.

Simulizi la pili la kipindi hicho ni maarufu zaidi, nalo linahitaji tahadhari. Albert Spalding, aliyekuwa mrushaji mkubwa, kisha kiongozi wa klabu ya Chicago na mfanyabiashara tajiri wa vifaa vya michezo, alisimulia kwamba alishuhudia Devlin akiingia ofisini kwa Hulbert katika nguo zilizochakaa, akapiga magoti na kulia akiomba asamehewe, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mkewe na mtoto. Hulbert, naye akitetemeka, alitoa noti ya dola 50 na kuiweka mkononi mwa Devlin, akamwambia kwamba hivyo ndivyo anavyomhisi kama mtu, lakini ameuza mchezo na hawezi kuaminiwa tena, na kwamba maadamu Hulbert yuko hai hatacheza. Spalding alichapisha kumbukumbu hiyo mwaka 1911, miaka zaidi ya 30 baadaye, wakati Hulbert na Devlin wote walikuwa wamekwisha kufa. Naye alikuwa na kila sababu ya kuionyesha ligi aliyoijenga kuwa na moyo mwema na mkono mgumu kwa wakati mmoja. Kiini chake huenda ni kweli, kwa kuwa barua kwa Wright inathibitisha kwamba Devlin alikuwa na hali hiyo na alikuwa akiomba. Maneno na machozi tunayo kwa kauli ya Spalding peke yake.

Kashfa hiyo iliwagharimu hata walioiadhibu. Klabu ya St. Louis ilikuwa imeshawasajili Devlin na Hall kwa ajili ya 1878, na badala ya kupata mrushaji bora ilibaki na mikataba isiyo na thamani. Ikajitoa kwenye ligi. Louisville nayo, baada ya kuwapoteza watu wanne na kubaki na madeni, haikurudi, na Hartford vilevile ikaondoka. Hulbert alilazimika kuanza msimu mpya na Providence, Indianapolis na Milwaukee. Mwaka 1879 wenye klabu walikwenda mbali zaidi katika kuwadhibiti wachezaji, wakakubaliana kwa siri kwamba kila klabu iwashikilie wachezaji watano ambao nyingine haitawagusa, na utaratibu huo, uliozuia mishahara isipande, ukaendelea kupanuka mpaka ukawafunga karibu wote kwa zaidi ya miaka 90. Sidai kwamba Devlin ndiye aliyeuleta. Ila ligi ilikuwa imegundua, kupitia kwake, kwamba wenye klabu wakikubaliana wanaweza kumnyima mtu kazi nchi nzima bila kwenda mahakamani.

Devlin na wenzake waliendelea kuomba warudishwe, na bodi ya ligi hatimaye ikatoa tamko kwa majina yao kwamba adhabu haitaondolewa na kwamba rufaa zao hazitasikilizwa tena. Yeye akaajiriwa kuwa polisi Philadelphia. Kifua kikuu kilimuua tarehe 10 Oktoba 1883, kabla sheria ya kuruhusu kurusha kwa mkono wa juu haijapitishwa.

Kumbukumbu za besiboli za leo zinampa ushindi 72 na kushindwa 76 kwa jumla, na kwa mwaka 1877 zinamwandikia 35 kwa 25, hesabu ileile inayojumuisha Cincinnati. Kwa hiyo mchezo alioungama kuuuza, ambao ligi iliufuta mwaka 1877, umerudishwa na watunza takwimu na sasa umo katika safu ya kushindwa kwake pamoja na mingine yote, na wastani wake wa pointi unakokotolewa kwa kuihesabu mipira aliyoiacha isishuke kana kwamba ilimshinda kwa haki.